Mboga chini ya taa: kinachowezekana na kisichowezekana katika kilimo cha ndani

Kwenye simu za watu wengi hapa Tanga zinazunguka video za mashamba yaliyo ndani ya majengo. Rafu zimepangwa moja juu ya nyingine hadi darini, taa za rangi ya zambarau zinawaka mchana na usiku, na saladi imejaa kwenye trei bila chembe ya udongo. Maelezo yanayoambatana nazo hudai kwamba hicho ndicho kilimo cha kesho, na kwamba mwenye chumba kimoja Ngamiani au Makorora anaweza kuvuna sawa na mwenye ekari Muheza. Maswali yanayofuata ni ya haki kabisa. Je, mahindi nayo yanaweza kulimwa hivyo? Taa ya aina gani inafaa? Mboga isiyoliona jua ina lishe? Na kama jambo hili ni la kweli, kwa nini tuendelee kungoja masika?

Kabla ya kujibu, ni lazima tutenganishe mambo matatu ambayo mazungumzo mengi huyachanganya. La kwanza ni kilimo bila udongo, ambacho wengi sasa wanakiita haidroponiki: mizizi hukaa kwenye maji yaliyochanganywa na virutubisho, au kwenye maganda ya nazi, changarawe na vitu vya namna hiyo. La pili ni kitalu nyumba, yaani banda la nailoni au la neti ambalo hukinga mazao dhidi ya mvua kubwa, upepo na wadudu. La tatu ni kilimo cha ndani kwa mwanga wa taa, ambapo mmea hauoni jua hata kidogo na mwanga wake wote unatokana na umeme. Mtu anaweza kufanya haidroponiki nje, juani, bila taa hata moja. Kitalu nyumba nacho hutumia jua lile lile la shambani. Ni jambo la tatu pekee ambalo hulilipia jua, na makala haya yanahusu hilo.

Mwanga una kazi moja kubwa kwa mmea: ni nguvu ya kutengenezea chakula. Jani huchukua hewa ya ukaa kutoka angani na maji kutoka kwenye mizizi, kisha kwa nguvu ya mwanga huviunganisha na kupata sukari, na kwa sukari hiyo mmea hujenga shina, majani, mizizi na punje. Shughuli hii shuleni tuliiita usanisinuru. Watu wengi hudhani kwamba uzito wa mmea unatokana na mbolea, lakini ukiukausha mmea na kuupima utakuta sehemu kubwa sana ya uzito uliobaki imetokana na hewa na maji, huku madini ya mbolea yakiwa sehemu ndogo tu. Kwa hiyo mbolea haiwezi kufidia upungufu wa mwanga. Mmea wenye mbolea tele katika chumba chenye giza hauna nguvu ya kuitumia mbolea hiyo.

Hapa ndipo macho yetu yanapotudanganya. Mboni hupanuka gizani na kujibana penye mwanga mkali, hata chumba chenye taa moja usiku kikaonekana kina mwanga wa kutosha, ilhali kwa mmea ni karibu giza. Wataalamu hupima mwanga wa mimea kwa kuhesabu chembe za mwanga zinazoangukia mita mraba moja kila sekunde, na kipimo chake huitwa maikromoli. Jua la utosi katika siku isiyo na mawingu hutoa karibu maikromoli 2,000. Juu ya meza, chini ya taa ya kawaida ya sebuleni, mara nyingi hazifiki hata 10. Tofauti hiyo ni zaidi ya mara 200, na jicho haliioni.

Wingi wa mwanga kwa sekunde pekee hautoshi kutueleza hali ya mmea. Muda nao una hesabu yake. Fikiria ndoo inayokingwa bombani: maji yakitoka kwa kasi ndoo hujaa upesi, yakitoka kidogo kidogo itajaa kwa kuchelewa, na yakidondoka tone moja moja utaondoka jioni ikiwa bado tupu. Kila zao lina ndoo yake ya mwanga inayopaswa kujaa kila siku. Kipimo cha ndoo hiyo ni moli kwa mita mraba kwa siku, na moli moja ni maikromoli milioni moja. Saladi huhitaji takriban 12 hadi 17, nyanya inayotegemewa kuzaa vizuri huhitaji 20 hadi 30 au zaidi, na mahindi na mpunga hufurahia jua lote wanaloweza kulipata. Siku ya jua kali hapa Tanga hutoa zaidi ya moli 40. Taa ya sebuleni ikiwaka saa 12 haifikishi hata nusu moli.

Mtu anayetaka kuliona hili kwa macho yake apande mbegu za mchicha kwenye kopo na kuliweka kwenye kona ya chumba, mbali na dirisha. Mbegu zitaota bila shida, na kwa siku chache za mwanzo miche itaonekana kukua kwa kasi kuliko ya nje. Kasi hiyo ni dalili ya njaa. Shina hurefuka na kuwa jembamba, rangi yake hufifia na kuelekea njano, majani hubaki madogo, na mche wote hulalia upande wa dirisha. Mmea unatumia akiba iliyokuwa ndani ya mbegu kuutafuta mwanga, na akiba ikiisha kabla ya kuupata, mche huanguka. Wauzaji wengine wa taa dhaifu huonyesha picha za miche ya hatua hii na kuziita ushahidi wa ukuaji wa haraka.

Kuhusu rangi ya zambarau, maelezo yake ni mepesi. Chembechembe za kijani zilizo ndani ya jani hunyonya zaidi mwanga mwekundu na wa buluu, na hurudisha sehemu ya ule wa kijani, ndiyo maana sisi tunaliona jani kuwa la kijani. Watengenezaji wa mwanzo wa taa za mimea waliona hakuna haja ya kulipia rangi nyingine, wakachanganya nyekundu na buluu, na macho yetu huona mchanganyiko huo kuwa zambarau. Hakuna dawa ndani yake, na hauhusiani na mionzi inayounguza ngozi. Siku hizi mashamba mengi yamerudi kwenye taa nyeupe, kwa sababu mwanga wa kijani nao hupenya ndani ya jani na hadi kwenye majani ya chini, na pia kwa sababu mfanyakazi hawezi kutambua jani lenye ugonjwa ikiwa kila kitu chumbani ni cha zambarau.

Yote haya yamewezekana kwa sababu ya taa za LED. Balbu ya zamani ya glopu, ambayo wafugaji wetu wanaijua vizuri kwa kulelea vifaranga, hugeuza sehemu kubwa mno ya umeme kuwa joto na sehemu ndogo tu kuwa mwanga, na ukiisogeza karibu na mche ili uupate mwanga huo mdogo, utaunguza majani. LED nyekundu zilikuwepo tangu miaka ya 1960, lakini ile ya buluu yenye mwanga mkali ilipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wanasayansi watatu waliofanya kazi hiyo, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Mwaka uliofuata, mwezi Agosti, wanaanga waliokuwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga walikula saladi nyekundu iliyokuzwa huko huko juu chini ya taa za namna hiyo. Kwa hiyo swali la kama mmea unaweza kukua bila jua lilishajibiwa zamani: unaweza, na hukua vizuri. Swali lililobaki ni nani analipa, na analipa kiasi gani.

Tuchukue saladi, zao linaloongoza katika mashamba ya taa. Ili kuijaza ndoo yake tunahitaji karibu maikromoli 250 kwa saa 16 kila siku. Taa bora za LED zilizopo sokoni leo hutoa karibu maikromoli 3 kwa kila wati, kwa hiyo mita mraba moja inahitaji wati 83 hivi, na kwa saa 16 hizo inakula uniti 1.3 za umeme kwa siku. Kwa mwezi mmoja, ambao ndio muda wa kutoka kupandikiza hadi kuvuna, ni takriban uniti 40, na mambo yakienda sawa mita mraba hiyo hutoa kilo 3 hadi 4. Anayenunua umeme wa LUKU kwa karibu shilingi 350 kwa uniti atakuwa ametumia kati ya shilingi 3,500 na 4,600 kwa kila kilo ya saladi, kwa ajili ya taa peke yake. Hapo hajalipia pampu, kiyoyozi, virutubisho, mbegu, kodi ya chumba wala bei ya taa zenyewe.

Saladi inavumilika kwa sababu ni maji. Katika kilo moja ya majani yake, gramu 950 hivi ni maji, na mmea umelazimika kutengeneza gramu 50 tu za kitu kikavu. Kilo ya mahindi makavu ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa karibu yote ni wanga uliojengwa kwa nguvu ya mwanga, na kwa kila punje mmea umelazimika pia kujenga bua, majani, gunzi na mizizi ambavyo hatuvili. Kilo hiyo ina nguvu ya chakula ipatayo uniti 4 za umeme. Taa nzuri hugeuza zaidi kidogo ya nusu ya umeme kuwa mwanga. Mmea, hata ukitunzwa vizuri kuliko shamba lolote, hugeuza sehemu ndogo tu ya mwanga huo kuwa mwili wake. Na nusu ya mwili huo ndiyo punje. Ukizidisha hasara hizo zote, na ukiwa mkarimu kila hatua, kilo moja ya mahindi inadai zaidi ya uniti 100. Hiyo ni zaidi ya shilingi 35,000 kwa unga usiofikia hata vibaba viwili. Ndiyo sababu hutakuta shamba la biashara la mahindi, mpunga au muhogo chini ya taa popote duniani, na anayekuuzia ndoto hiyo hajapiga hesabu, au amepiga na anakuficha.

Mwaka 2020 watafiti wa kilimo walichapisha makadirio kuhusu ngano. Walionyesha kwamba jengo lenye tabaka 10, katika hekta moja ya ardhi, linaweza kutoa kwa mwaka mavuno mara 220 hadi 600 ya wastani wa dunia. Takwimu hiyo imesambazwa sana. Kilichoachwa nyuma ni maneno ya watafiti hao hao kwamba kwa gharama za nishati zilizopo, ngano hiyo haiwezi kushindana na ya shambani kwa bei ya soko.

Wapo wanaosema tatizo la umeme litamalizwa na sola. Nawaheshimu, kwa kuwa wanatafuta suluhisho, lakini hebu tuitazame njia yenyewe. Paneli nzuri hugeuza karibu asilimia 20 ya nguvu ya jua kuwa umeme. Umeme huo hupungua tena kwenye betri na nyaya, kisha taa hurudisha nusu tu ya uliobaki kuwa mwanga. Kwa jua la mwambao, mita mraba moja ya saladi chini ya taa itahitaji karibu mita mraba mbili za paneli juu ya paa. Tunalichukua jua lililoangukia eneo la mita mbili, tunalipitisha kwenye vifaa vya gharama, na mwisho tunalisha mita moja ya majani ambayo yangeweza kukaa chini ya jua hilo hilo bila gharama yoyote.

Hoja hii ndiyo inayonifanya niamini kwamba watu wa Tanga tunaulizana swali lisilo letu. Teknolojia ya taa ilipata nguvu katika nchi ambazo mwezi Desemba jua huonekana kwa saa chache. Stockholm, kwa mfano, hulipata kwa karibu saa 6 tu, tena likiwa chini na dhaifu. Sisi tuko nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya siku yetu ndefu kuliko zote na ile fupi haifiki saa nzima. Mkulima wa bustani wa hapa akiotesha miche ya nyanya au chainizi huweka makuti au neti ya kivuli ili kupunguza mwanga na joto. Saladi inapotushinda mwambao inashindwa kwa joto: hurefuka, huwa chungu na kutoa maua kabla haijafunga. Ndiyo maana nyingi ya mboga za baridi zinazouzwa sokoni Mgandini hushuka kutoka Lushoto, ambako milima ya Usambara hutoa bure ubaridi ambao chumba cha mjini kingeulipia kiyoyozi.

Tena gharama ya ubaridi si ndogo. Karibu umeme wote unaoingia kwenye taa huishia kuwa joto ndani ya chumba, na majani nayo hutoa mvuke usiku na mchana, hata chumba kilichofungwa kikawa cha joto na unyevu, hali inayopendwa na ukungu. Mwaka 2015 watafiti wa Arizona, Marekani, walilinganisha saladi ya shambani huko Yuma na saladi ya haidroponiki ndani ya kitalu nyumba. Ile ya kitalu ilitumia lita 20 za maji kwa kilo badala ya 250, na mavuno kwa eneo yalikuwa mara 11. Nishati iliyotumika, hata hivyo, ilikuwa mara 82, na sehemu kubwa yake ilikuwa ya kupasha joto na kupoza. Maji yaliyookolewa hayakutokana na taa. Yalitokana na kuyazungusha maji yale yale bila kuyaacha yapotelee ardhini. Faida hiyo mkulima wa Pangani au Tongoni anaweza kuipata nje, chini ya neti, kwa pampu ndogo na pipa, mradi awe na tahadhari ya umeme kukatika, kwa sababu mizizi iliyo kwenye mabomba yenye maji machache huanza kukauka ndani ya saa chache pampu ikisimama.

Mkanganyiko mwingine unahitaji kuelezwa kwa kirefu kidogo, kwa kuwa unawagharimu wafugaji. Tanga ni mkoa wa ng'ombe wa maziwa, na wengi wameambiwa kwamba malisho ya trei, yaani shayiri au mahindi yaliyooteshwa ndani kwa siku saba au nane, yanathibitisha kuwa chakula huweza kukua ndani kwa mwanga hafifu. Ni kweli kwamba kilo moja ya mbegu hugeuka kuwa kilo 5 hadi 8 za majani mabichi. Lakini uzito ulioongezeka ni maji. Mche wa siku saba bado unaishi kwa akiba ya mbegu, na kwa kuwa unaitumia akiba hiyo kupumua na kuota, kitu kikavu kilicho kwenye trei siku ya nane huwa pungufu kuliko kile kilichokuwa ndani ya mbegu siku ya kwanza. Majani hayo ni laini, ng'ombe huyapenda, na kiangazi yanaweza kuwa na nafasi yake. Hata hivyo, mfugaji anayeyanunua kwa kilo ajue kwamba sehemu kubwa ya anachokilipia ni maji, na asiyahesabu kuwa badala ya majani ya tembo yaliyokua juani. Choroko zilizochipuzwa jikoni ni mfano wa jambo hilo hilo. Uyoga nao hauingii kwenye mjadala huu, kwa sababu si mmea na haujitengenezei chakula kwa mwanga. Hula pumba, mabua na makapi tunayoupa.

Kuhusu lishe, mboga ya taa si ya sumu wala si ya kubadilishwa vinasaba. Mbegu zake ni zile zile za dukani. Ikipata mwanga wa kutosha huwa na virutubisho vya kawaida. Ikipunjwa mwanga, vitamini C hupungua na naitreti hurundikana kwenye majani, kwa hiyo ubora unategemea ndoo imejaa au haikujaa. Wala si kweli kwamba kuwasha taa saa 24 huleta mavuno zaidi. Nyanya ikinyimwa giza kabisa majani yake huwa ya njano na kuharibika, na aina nyingi za mpunga hutegemea urefu wa usiku ili kujua wakati wa kutoa masuke, kiasi kwamba ule ulio karibu na taa kali za barabarani huweza kuchelewa.

Yapo mahali ambapo taa inastahili gharama yake. Katika kituo cha utafiti cha Wajerumani huko Antaktika, Neumayer III, mavuno ya kwanza ya chumba cha mboga mwaka 2018 yalikuwa kilo 3.6 za saladi, matango 18 na figili 70, na kwa watu waliozungukwa na barafu hakuna aliyeuliza bei ya uniti. Kwenye miji yenye masoko ya kawaida mambo yamekuwa magumu: nchini Marekani kampuni ya AeroFarms iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwezi Juni 2023, Bowery Farming ilifunga Novemba 2024, na Plenty ilifuata njia ya mahakama Machi 2025. Hizo zilikuwa kampuni zenye mitaji mikubwa na wataalamu hodari.

Kwetu, taa ina kazi ya maana pale ambapo mimea ni midogo na thamani yake ni kubwa. Miche ya migomba inayozalishwa maabara kutoka kwenye tishu hukua ndani ya chupa chini ya taa, kwenye rafu, bila kugusana na vijidudu vya nje, na maelfu yake hutosha katika chumba kimoja. Mkonge, zao lililoletwa Tanganyika mwaka 1893 na kuijenga Tanga, nao unaweza kuzalishwa hivyo. Hapo kila mche unahitaji mwanga kidogo, na baada ya wiki chache hutolewa nje ukalelewe na jua.

Mtu wa kawaida anayetaka rafu moja ya giligilani au miche ya pilipili ndani ya nyumba anaweza kuifanya kwa taa nyeupe za LED zenye wati 40 kwa jumla, zikiwa sentimita 20 hadi 30 juu ya majani na kuwaka saa 14 kwa siku. Zitatumia karibu uniti 17 kwa mwezi, yaani shilingi 6,000 hivi. Anaponunua taa asidanganyike na maandishi ya kwenye boksi, kwa maana zipo zilizoandikwa wati 1,000 kwa maana ya kulinganishwa na taa za zamani, wakati zenyewe hutumia wati 100 au pungufu. Azime kila kitu nyumbani, asome LUKU, awashe taa hiyo pekee kwa saa 10, kisha asome tena: ya wati 1,000 kweli itakuwa imekula uniti 10, na ya wati 100 itakuwa imekula moja.